Taa Hazijaguswa, Mbona Zimekataliwa? Namna ya Kuzifuatilia Taa za Mbele Kati ya Ukaguzi Mmoja na Mwingine

"Fundi, hizi taa hakuna aliyezigusa tangu ukaguzi uliopita. Zimekataliwaje?"

Nimefanya umeme wa magari kwa miaka 19, na swali hilo huja pamoja na karatasi ya ukaguzi iliyokunjwa mara nne. Karibu kila mara mwenye gari anasema kweli. Ukifungua boneti unakuta vumbi limelala juu ya skrubu za kurekebishia taa, halina hata alama ya bisibisi. Sasa kama skrubu haijaguswa, kilichosogea ni nini?

Mara nyingi taa yenyewe haikusogea. Gari ndilo limebadili mkao. Taa imefungwa kwenye bodi, bodi imekaa juu ya springi, springi ziko juu ya ekseli, ekseli inabebwa na matairi, na matairi yamesimama kwa upepo uliomo ndani yake. Chochote katika mlolongo huo kikishuka kidogo, mwanga unahama, hata kama taa iko palepale ilipofungwa kiwandani. Ndiyo maana nawasihi watu wasikimbilie bisibisi. Ukizungusha skrubu kabla ya kujua kilichobadilika, utakuwa umeificha springi iliyochoka nyuma ya taa iliyonyooka, na miezi michache baadaye utarudi palepale.

Tuanze na kile mkaguzi anachokitazama, kwa sababu bila hicho mengine hayaeleweki.

Washa dimu, yaani mwanga wa chini, mbele ya ukuta usiku. Chini kuna mwanga, juu kuna giza, na katikati unaona mstari unaovitenganisha. Mimi nauita mkato, maana hapo ndipo mwanga unapokatwa usipande kwenye macho ya anayekuja. Mkato huo hautakiwi kwenda sambamba na barabara. Unatakiwa ushuke kidogo kadiri unavyokwenda mbele, na kushuka huko kunapimwa kwa asilimia. Asilimia 1 ni kushuka sentimita 1 kwa kila mita 1, yaani sentimita 10 kwa mita 10. Kwa pembe, haifiki hata digrii moja; ni kama digrii 0.57 tu.

Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka taa iliyo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini ianze maisha yake ikiwa imeshuka kati ya asilimia 1.0 na 1.5, na baadaye ikiwa kazini isitoke nje ya 0.5 hadi 2.5. Nchi nyingine zinabana zaidi. Ukaguzi wa Uingereza, kwa mfano, unataka taa isiyozidi sentimita 85 kwa kimo iwe kati ya 0.5 na 2.0. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu: kati ya taa iliyo sawa na taa ya kukataliwa kwa kupanda juu, tofauti ni nusu ya asilimia.

Sasa chukua gari dogo la kawaida, ekseli ya mbele na ya nyuma ziko mita 2.6 mbali, taa zake ziko sentimita 65 kutoka chini, na zimewekwa asilimia 1. Mkato utagusa barabara mita 65 mbele. Springi za nyuma zikilegea gari likashuka nyuma sentimita 2 tu, pua inanyanyuka kwa karibu asilimia 0.77. Imebaki 0.23. Mkato sasa hauigusi barabara mpaka zaidi ya mita 250 mbele, na kila tuta dogo linautupa machoni mwa dereva unayekutana naye. Sentimita 2 hizo huwezi kuziona kwa kulitazama gari likiwa limeegeshwa. Mimi mwenyewe sizioni bila kupima.

Geuza hesabu hiyo. Springi za mbele ndizo zimeshuka sentimita 2. Taa zinainama hadi karibu asilimia 1.77, na mwanga wako unaishia mita 36 au pungufu. Ukienda kilomita 80 kwa saa, mita 36 unazimaliza kwa sekunde 1.6. Mtu au mnyama akiwa mbele ya hapo, humwoni. Huu ndio upande wa jambo unaoniuma zaidi, kwa sababu anayepigwa mwanga machoni atalalamika na kukuwashia fulu, lakini anayeendesha na taa zilizoinama hakuna wa kumwambia. Anazoea tu. Anasema macho yamezeeka.

Somo hili nililipata mwaka wangu wa pili kazini. Alikuja baba mmoja, mwashi, taa zinawapiga watu machoni. Nilizielekeza ukutani, nikaona zimepanda kweli, nikazishusha zote mbili mpaka zikakaa sawa. Sikufungua buti. Baada ya siku mbili akarudi na karatasi: taa ziko chini mno. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi hakunigombeza. Alimuuliza yule baba, "Juzi ulikuwa umebeba nini?" Akajibu alikuwa na masanduku mawili ya vifaa, na siku ya ukaguzi aliyashusha ili gari liwe safi. Mzee akaniambia, "Mwanangu, nenda naye mkayalete." Tulipoyaleta, akaniweka ukutani nimeshika kipande cha chaki, dimu zimewashwa. Wakaingiza sanduku la kwanza. Niliuona mkato ukipanda mbele ya macho yangu, taratibu, upana wa kidole. Likaingia la pili, ukapanda tena karibu kiasi kile kile. Nikachora mistari mitatu ukutani, mmoja juu ya mwingine. Tangu siku ile sijawahi kugusa skrubu ya taa kabla ya kufungua buti.

Zote mbili au moja?

Swali la kwanza kuliko yote ni hili: zimehama taa zote mbili, au moja? Taa zote mbili zimefungwa kwenye bodi moja. Gari likibadili mkao, zinapanda pamoja au kushuka pamoja, kwa kiasi kilekile. Ikiwa ya kulia iko sawa na ya kushoto ndiyo imepotea, springi na matairi hayahusiki. Tafuta kwenye taa ile ile. Maelezo yote yanayofuata yanategemea jibu lako hapo.

Zikiwa zimehama zote mbili, anza na vitu rahisi. Tazama upepo wa matairi, yote manne, yakiwa ya baridi. Tazama kama kuna tairi zimebadilishwa za mbele tu au za nyuma tu, na kama saizi zake ni zilezile. Fungua buti, toa mizigo. Kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, karibu na usukani, chenye namba 0 hadi 3 na alama ya taa. Watu wengi wanamiliki gari miaka mitano bila kujua kazi yake. Kinashusha taa pale gari linapobeba abiria nyuma au mzigo kwenye buti: 0 ni dereva peke yake, 3 ni gari lililojaa nyuma. Mtoto akikichezea, au muoshaji akipita na kitambaa, taa zinashuka na zinabaki hapo hapo. Kwa kawaida taa hupimwa kikiwa kwenye 0. Nimeshakabidhi magari mawili mwaka huu ambayo kazi yote ilikuwa kuzungusha kigurudumu hicho kwa kidole gumba.

Gari lenye taa zinazojipanga zenyewe halina kigurudumu. Badala yake kuna sensa imefungwa kwenye mkono wa ekseli ya nyuma, na kwenye magari mengine ya mbele pia, ikiwa na kijiti chembamba kinachopanda na kushuka na gurudumu. Kijiti hicho kikivunjika au kiungo chake kikiganda kwa kutu, kompyuta ya gari inadhani nyuma kumezama au kumenyanyuka, na inazipeleka taa kusikostahili. Piga magoti, ingiza kichwa chini, kitazame. Pia sensa ikiondolewa wakati wa kubadilisha springi au mkono wa ekseli, inatakiwa ifundishwe upya kwa mashine mahali ambapo gari limekaa kawaida. Hatua hiyo inasahaulika sana, na lawama anabebeshwa fundi wa taa.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo tunafika kwenye springi zenyewe, bushi, na zile mpira za juu ya shokapu. Shokapu ya kawaida iliyokufa haishushi gari sana, ila inaliacha lichezecheze, na mkato nao unacheza barabarani. Springi ndiyo inayoshusha. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa juu wa fenda, magurudumu yote manne, uandike. Kulia na kushoto zikipishana zaidi ya sentimita moja, springi mojawapo ina neno. Mara nyingi utakuta mzunguko wa mwisho umekatika na kipande kimekaa kwenye kikombe chake, gari linaenda bila kelele yoyote.

Ikiwa ni taa moja tu

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu kosa ni dogo mno na madhara ni makubwa.

Kati ya nukta ambayo taa inaegemea na skrubu inayoizungusha, umbali ni kama sentimita 15 kwa magari mengi madogo. Asilimia 1 ya sentimita 15 ni milimita 1.5. Yaani taa ikisogea nyuma kwa unene wa sarafu kwenye kona moja, umeshatoka asilimia 1 nzima. Masikio ya plastiki yanayoshika taa kwenye fremu yanazeeka kwa joto la injini na kupasuka. Gari linaguswa kidogo wakati wa kuegesha, bampa linarudi lenyewe, rangi haijakwaruzika, lakini sikio la juu limepata ufa. Shika taa kwa mikono miwili uisukume na kuivuta. Ikicheza hata kidogo, usizungushe skrubu. Toa bampa, tazama masikio, na kama fremu ya rejeta imepinda au imeliwa na kutu, hiyo ndiyo ya kwanza kunyooshwa. Gundi peke yake kwenye sikio lililokatika haidumu; mtikisiko unaimaliza.

Kisha balbu. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kwangu taa ya kulia imekataliwa, ya kushoto imepita bila neno. Nilimuuliza, "Mama, hii balbu ilibadilishwa lini?" Akasema miezi miwili iliyopita, ilibadilishwa usiku njiani na kijana mmoja mwema. Nilivua mfuniko wa mpira nyuma ya taa nikamulika kwa tochi. Balbu ilikuwa aina ya H7, ile yenye bapa la chuma linaloingia kwenye kiota chake na kushikwa na waya wa springi. Upande mmoja wa bapa ulikuwa umekaa vizuri. Upande wa pili ulikuwa umepanda juu ya ukingo, na waya umelala juu yake kana kwamba kila kitu ni sawa. Ulikuwa umenyanyuka kiasi cha kupitisha ukucha tu. Ukutani taa hiyo ilikuwa imepanda, na mkato wake ulikuwa na ukungu badala ya mstari. Nililegeza waya, nikaizungusha balbu kidogo ikaingia yenyewe kwenye kiota, nikasikia "tik", nikafunga. Mkato ukashuka mahali pake. Skrubu sikuigusa.

Sababu yake ni hii. Kiakisi cha taa, lile bakuli linalong'aa ndani, kimechongwa kwa kuamini kwamba waya unaowaka ndani ya balbu uko mahali pamoja maalumu. Nusu milimita nje ya mahali hapo inatosha kuutoa mwanga nje ya kipimo. Balbu za ubora duni huwa na waya uliopinda tangu kiwandani, kwa hiyo unaweza kuiingiza vizuri kabisa na bado mkato ukaenda kombo. Jaribio lake ni rahisi: badilishana balbu za kulia na kushoto. Kosa likihama pamoja na balbu, ni balbu. Likibaki, ni taa. Na unapoishika, usiguse kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaunguza kioo cha halojeni, yaani hizi balbu za waya.

Zile balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni zinanipa taabu kuliko zote. Vipande vyake vinavyotoa mwanga havikai sawasawa na waya wa halojeni, na vinasambaza mwanga kwa namna nyingine. Matokeo ni mwanga mweupe mwingi karibu na bampa, mkato uliochakaa, na madoa yanayoruka juu. Hakuna skrubu inayoweza kurekebisha hilo. Mteja akiniambia anaona vizuri zaidi tangu aziweke, namwelewa, maana karibu na gari kweli kunang'aa. Namwomba tu asimame mita 30 mbele ya gari lake mwenyewe, usiku, achuchumae kidogo awe kwenye kimo cha dereva, nami niwashe dimu. Hilo linatosha.

Kioo cha taa kilichogeuka njano, au chenye maji ndani, hakihamishi mkato, ila kinausambaza hadi mashine ya ukaguzi isiuone, na kinapunguza nguvu ya mwanga. Cha njano kisuguliwe kwa msasa wa maji na kipakwe dawa ya kuzuia jua.

Ipo pia sababu ambayo haimo kwenye gari kabisa. Mashine ya kupimia ni sanduku lenye lenzi, linalokusanya ndani yake picha ambayo ungeiona kwenye ukuta wa mita 10. Lisiponyooka na gari, au sakafu ikiwa na bonde, linasoma tofauti kidogo. Taa yako ikiwa katikati ya mipaka, tofauti hiyo haikusumbui. Lakini kama ukaguzi uliopita ulipita kwa 0.6, ulipita ukiwa ukingoni, na safari hii umeanguka bila kitu chochote kuharibika. Ndiyo maana sikubali kumrudishia mtu gari kwa sababu tu taa "zimepita". Naziweka kwenye namba ya mtengenezaji. Namba hiyo huwa imeandikwa karibu na taa, kwenye kibandiko chini ya boneti au kwenye mwili wa taa: utaona alama ya taa na kitu kama 1.0% au 1.2%.

Kupima mwenyewe ukutani

Unahitaji ukuta, futi ya kupimia, utepe wa karatasi wenye gundi, na giza la jioni. Na sakafu nzuri. Watu wanadharau sakafu. Kama magurudumu ya nyuma yamesimama sentimita 1 chini ya yale ya mbele kwa sababu ya bonde, umeshaongeza karibu asilimia 0.4 ya uongo. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, na ulinganishe kama waashi wanavyofanya: ncha moja mahali pa gurudumu la mbele, nyingine la nyuma, kisha chini ya ukuta. Sakafu inayoteremka kwa mstari mmoja hadi ukutani haina shida, kwa sababu gari na ukuta vinashiriki mteremko huo. Kinachodanganya ni bonde na mgongo.

Andaa gari: upepo sawa, buti tupu isipokuwa tairi la akiba na jeki, tanki la mafuta nusu hivi, kigurudumu cha dashibodi kwenye 0, na mtu wa kilo kama 75 kwenye kiti cha dereva. Lisukume gari mbele na nyuma, kisha libonyeze kila kona mara mbili tatu ili springi zitulie. Kama gari lina springi za upepo badala ya chuma, acha injini iwake mpaka litulie lenyewe.

Lisogeze gari hadi karibu liguse ukuta, limenyooka. Bandika alama ya msalaba ukutani mbele ya katikati ya kila taa. Vioo vingi vina kidoti kidogo kinachoonyesha katikati. Kisha rudi nyuma moja kwa moja hadi kioo cha taa kiwe mita 5 kamili kutoka ukutani. Kwa umbali huo asilimia 1 ni sentimita 5, na asilimia 1.2 ni sentimita 6. Bandika mstari mlalo chini ya misalaba kwa kiasi hicho.

Washa dimu. Zipime moja moja: chomoa plagi ya nyingine, au mtu asimame mbele yake na ubao. Usiifunike kwa kitambaa ukasahau. Halojeni ina moto na kioo cha plastiki kinayeyuka. Utaona mkato una sehemu iliyolala na sehemu inayopanda. Ile iliyolala iwe upande wa magari yanayokuja, na inayopanda iwe upande wa pembezoni mwa barabara, ili kumulika watembea kwa miguu na alama. Sehemu hizo mbili zinapokutana panatakiwa pawe chini ya msalaba wa taa hiyo. Ukikuta sehemu inayopanda inaelekea kwa magari yanayokuja, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande mwingine, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha taa.

Pima kutoka msalabani hadi mkato uliolala. Andika. Ukishathibitisha kwamba mkao wa gari, masikio na balbu viko sawa, na bado mkato haupo kwenye mstari, sasa chukua bisibisi. Taa nyingi zina skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia, ingawa zipo zisizo na hii ya pili. Zungusha nusu mzunguko, simama, tazama ukuta. Mimi huwa namalizia kwa upande wa kukaza: nikipita mstari, narudi nyuma zaidi ya hapo kisha nakaza tena hadi mahali pake, ili kusibaki ulegevu kwenye meno ya plastiki. Ikizunguka bure, au ikitoa sauti ya kuruka meno, acha. Kiungo cha ndani kimekwisha na mtikisiko utairudisha wiki ijayo.

Baada ya hapo endesha gari kilomita chache kwenye njia yenye matuta, rudi, pima tena. Mkato ukisimama palepale, kazi imeshika. Kama mkato umenyooka ukutani lakini barabarani mwanga unaegemea upande, lipeleke kwa fundi wa kunyoosha magurudumu (alaimenti) akupimie ekseli ya nyuma. Ekseli iliyopinda inalifanya gari lisafiri kimshazari, na taa zinafuata bodi, si njia.

Kuna jambo moja ninalowaomba wateja wote wafanye, na wachache wanafanya. Jioni ya siku ile gari lilipopita ukaguzi, lisimamishe mbele ya ukuta wako na upime. Usisubiri liharibike. Andika tarehe, kilomita, upepo wa matairi, kimo cha fenda nne, na sentimita za mkato kushoto na kulia. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na kila mara balbu, springi, tairi au bampa vikiguswa.

Yule mama mwalimu ana daftari hilo. Kwa muda mrefu liliandikwa 6 kushoto, 6 kulia. Safari moja akanipigia simu: "Fundi, zimekuwa 3 na 3." Kabla sijajibu akaendelea, "Zimepanda zote mbili, buti ni tupu, upepo nimeupima. Fenda ya nyuma kushoto imeshuka sentimita mbili na kidogo." Nilinyanyua gari kwa jeki nikaona mzunguko wa chini wa springi ya nyuma kushoto umekatika, na ile ya kulia nayo imeshaanza kupata kutu palepale. Tukabadilisha zote mbili. Jioni akapima mwenyewe, nimesimama pembeni nimeshika tochi: 6 na 6.